Siku Niliyoacha Kuuliza Njia

King'ora kikipita, mimi husahau kazi. Niko kwenye meza yangu ya afya Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, Kongo, kipimo cha joto mkononi, foleni ya akina mama wenye mizigo kichwani imefika hadi kwenye mabomba ya kunawia, na ghafla nanyamaza kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Nasikiliza kinaelekea wapi. Kikipanda, ni vijijini. Kikizunguka huku chini, ni mjini, labda pikipiki imemgonga mtu. Akina mama wamenizoea. Juzi mmoja wa Goma, mwenye beseni tupu la samaki, alinigusa kwa kiwiko.

"Madame, pima tuende. Ile gari haiko inakuita we."

Alisema kweli na nikakasirika, maana mimi hukasirika zaidi mtu akisema kweli. Nikampima. Hakuwa na homa. Nikamwambia apite, naye akapita akicheka.

Huu ni mwaka wa pili gari la wagonjwa haliniiti. Wauguzi wenzangu, hasa wale wanaotaka kuhama na wanaogopa, huja kuniuliza nilijuaje kuwa wakati umefika. Kwa muda mrefu niliwajibu kwamba ni mgongo. Mgongo ni sababu nzuri. Ukiutaja, kila mtu anatikisa kichwa na kusema pole. Lakini mgongo wangu ni mzima. Naweza kukubeba wewe unayesoma pamoja na mzigo wako. Leo nitasema ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kupokea pole zisizo zangu.

Nilikaa kwenye gari lile miaka kumi na moja. Nilikuwa muuguzi wa nyuma, yule anayekaa kwenye kiti kidogo kando ya machela, goti moja likigusa chuma na mkono mmoja ukishikilia chupa ya maji ya dripu isibembee. Gari lilinuka spiriti na blanketi lililoloa. Nililipenda. Niliwahi kuwa na mume pia, lakini gari lilikuwa likiniita mara nyingi zaidi, na yeye akachoka kula peke yake. Simlaumu. Hata ningeolewa na mwingine, naye angechoka vilevile.

Dereva wangu alikuwa mzee aliyerudi kutoka Kongo, ambako zamani aliendesha malori ya viazi. Mimi nilizaliwa Tanzania, wazazi wangu wakanirudisha nyumbani nikiwa binti mkubwa, kwa hiyo Kiswahili changu na chake vilikuwa vinagombana siku nzima. Yeye alisema changu ni cha redio. Mimi nilisema chake kimepata ajali. Aliniita mama, kama wanavyomwita kila mwanamke huko Kongo, nami nilimwita Papa, na kwa miaka yote hiyo sidhani tuliwahi kuitana majina.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa cheti nilikuwa nacho mimi. Wiki ya kwanza tulipanda Nyakiriba kumchukua mgonjwa. Kule juu kwenye mashamba gari halifiki kila mahali. Majirani humweka mgonjwa kwenye ingobyi, ile machela ya kusuka, wakaibeba mabegani wanne wanne, wengine wakifuata kupokezana, hadi pale barabara inapoanza. Gari linawasubiri hapo. Siku ile nilifungua mlango kabla gurudumu halijasimama na kumkimbilia mgonjwa. Dereva akanishika mkono wa koti.

"Salimia kwanza," alisema. "Hawa njo wamemubeba."

Nilimwona mjinga. Mtu anahema vibaya, tunaamkiana! Lakini alikuwa ameshaanza kuwapa mikono wale wanaume wenye jasho, mmoja mmoja, haraka haraka, na wakati akiwasalimia walikuwa wakimweleza kila kitu: ameanguka lini, amekula nini, ametapika mara ngapi. Nilipofika kwa mgonjwa, maelezo yote yalikuwa yamenifikia. Haikuchukua hata dakika.

Kanuni yake ya pili ilikuwa kuuliza njia. Kila simu ikiingia, hata kama ni kijiji tulichotoka jana, ilibidi nimuulize mhudumu wa afya wa kijiji: mnashukia wapi? "Mulima inabadirikaka," alisema. "Mvua moja tu, njia haiko tena." Nikauliza, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Nilikuja kuipenda hiyo sauti ya upande wa pili wa simu ikinielekeza: pita kwenye mti uliokatwa, ukiona nyumba yenye mlango wa buluu umepita. Kwa simu hizo niliijua wilaya yangu kuliko wale walioichora kwenye ramani.

Basi mazoea yana taabu. Sijui ni mwaka gani nilianza kuulizia juujuu.

Dalili ya kwanza niliicheka. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Nengo kutoka zamu, mama yangu mzazi amekaa barazani anachambua maharage. Mtu mzima kwetu unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko chako mwenyewe kwa heshima. Nilimpa wa kulia. Wa kushoto, badala ya kwenda kwenye kiwiko changu, ulikwenda kwenye kifundo cha mkono wake, vidole viwili, nami nikanyamaza nikihesabu. Mama aliniacha nimalize.

"Nimepona?" aliuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa umenisalimia. Mwanzo ulikuwa unanipima."

Tulicheka sana. Alipomaliza kucheka alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaniambia nile. Alijua kwamba mfukoni mwa koti langu kuna barua. Hospitali ilihitaji muuguzi wa kudumu kwenye meza ya afya ya mpakani, kazi ya mchana, siku zinazojulikana. Nilikuwa nimeikataa mara mbili. Safari hii walinipa hadi mwisho wa mwezi ujao, na mama hakuwahi kunishauri neno, ila kila akifua koti lile aliitoa barua, akaianika juani ikiwa imeloa, na kuirudisha palepale.

Ilikuwa msimu wa masika. Siku ninayotaka kuieleza, simu iliingia mchana, baada tu ya chakula. Mhudumu wa afya wa kijiji kimoja cha Nyakiriba, mwanamke niliyemjua kwa sauti, alisema ana mjamzito wa miezi minane anayetokwa damu, wameshamweka kwenye ingobyi, wanaanza kushuka. Nikasema tunakuja. Nilimsikia anaanza, "Na tutashukia..." nikakata simu.

Nilijua. Kijiji kile kina njia mbili. Ya kiangazi inapita kwenye daraja la magogo na kutokea shuleni. Ya masika inazunguka na kutokea kwenye jengo la kukusanyia maziwa, kwa sababu kila mvua kubwa hulichukua lile daraja. Kila mwaka. Nilikuwa nimewapokea watu kwenye maziwa masika kumi, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

"Tunaenda wapi?" dereva aliuliza.

"Kwenye maziwa."

"Wamekuambia?"

"Papa, njia ile naijua."

Alifuta kioo kwa gazeti lake na kuondoa gari.

Tulifika kwenye maziwa. Hapakuwa na mtu. Nikatayarisha dripu, nikatandika blanketi, nikasema watakuwa wanateleza, tuwape muda. Dakika kumi zikapita. Nikapiga simu, ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena. Mvua iligonga bati la gari mpaka sikuweza kusikia hata pumzi yangu. Dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama. Mwishowe alishuka bila mwavuli, akamfuata mwanamume aliyekuwa anaosha madumu ya maziwa chini ya paa, akampa mkono. Niliwaona wakizungumza. Yule mwanamume akaonyesha upande wa shule.

Dereva alirudi akiwa ameloa, akawasha gari kabla ya kusema.

"Daraja iko. Wameijenga mupya siku ya umuganda."

Umuganda ni ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka na mapanga na majembe, kikaweka magogo mapya na mawe makubwa kila upande, ili walau mara moja masika yasiwazungushe. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini. Kila mtu wa Nyakiriba alilijua daraja lile, hata mtoto anayechunga mbuzi. Mtu pekee ambaye hakulijua ni mimi, niliyekata simu wakati naambiwa.

Kutoka kwenye maziwa hadi shuleni hakuna njia ya gari ya mkato. Ilibidi turudi chini hadi kwenye lami na kupanda upya. Tulipofika, shule ilikuwa imefungwa, uwanja wote matope, maji yanatiririka. Na wabebaji walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, ingobyi bado mabegani.

Hawakuwa wameishusha. Chini palikuwa matope matupu, na mhudumu wa afya alikuwa amewaambia gari linafika sasa hivi, kwa sababu mimi ndivyo nilivyomwambia. Basi walisimama. Wanne wakichoka, wanne wanaingia chini ya miti ya ingobyi, bega kwa bega, mgonjwa asihisi mtikisiko. Yeye mhudumu alikuwa ameinua mwavuli juu ya uso wa yule mwanamke kwa mikono miwili, na simu yake, ile niliyokuwa nikiipiga, ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki aliouning'iniza shingoni. Miguu ya wanaume wale ilikuwa imezama hadi kwenye vifundo. Walikuwa wamesimama hivyo muda wote ambao mimi nilikuwa nimekaa pakavu nikiwangoja.

Nilimpokea. Nilifanya yote sawasawa: nikamlaza ubavu wa kushoto, nikamwekea dripu kwenye mishipa miwili, oksijeni, nikamfunika. Mikono yangu haikukosea hata kidogo. Nilipokuwa nafunga mlango, mmoja wa wabebaji, mzee mwenye kofia ya mvua, alinyoosha mkono wake wa kulia, wa kushoto ameushika kiwiko kwa heshima, akanisalimia. Akaniambia kwa Kinyarwanda, "Mtusamehe, tumewatesa kututafuta."

Nilimpa mkono bila kurudisha salamu, nikafunga mlango.

Hakuna aliyekufa. Nasema mapema ili usinisubirie hapo. Yule mjamzito alifanyiwa upasuaji, mtoto akatolewa mzima, wa kike, analia. Daktari alisema tumefika kwa bahati. Pengine angekufa mtu, hadithi hii ingekuwa rahisi kusimulia, kila mtu angeelewa kwa nini niliacha. Lakini wote walipona, na ndugu wa mgonjwa wakaja kunishukuru, nami nilipokea shukrani kama mwizi anayepewa chai na wenye nyumba.

Jioni nilijaza karatasi ya safari. Iko sehemu ya kueleza sababu ya kuchelewa. Niliandika: barabara mbovu. Dereva husaini chini yangu. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mama, barabara ilikuwa muzuri."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ilikuwa inanyesha. Barabara ilikuwa muzuri."

Aliiweka kalamu juu ya karatasi na kwenda kuosha gari. Nikakata yale maneno kwa mstari mmoja na kuandika kwamba nilikata simu kabla ya kuelekezwa mahali pa kukutana. Ilikuwa sentensi fupi na ilinichukua muda mrefu. Kesho yake mkuu wangu aliisoma, akanionya, kisha akaniambia sote ni binadamu. Nilitamani angenifokea.

Dereva ndiye aliyenitetea zaidi, hata dhidi yangu mwenyewe nilipomwambia nafikiria kuacha. "Kupotea mara moja haiko sababu ya kuacha kazi," alisema tukiwa tumeegesha nje ya hospitali tukila mahindi. "Mi nimepoteaka mara mingapi? Bon, kesho unauliza, ni yote."

Nikauliza. Niliapa nitauliza kila simu, na niliuliza kweli. Kwa wiki tatu sikukosa hata moja. Nilikuwa na furaha, nikaanza kuifikiria ile barua kama kitu cha kutupa jalalani.

Halafu ikaingia simu ya mzee aliyeanguka kutoka kwenye ngazi huko huko juu. Nikauliza mnashukia wapi, mtu akanieleza, nikasema asante, nikakata. Dereva akawasha gari.

"Wapi?"

Nikafungua mdomo, hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeuliza na sikuwa nimesikia jibu. Nilikuwa nimelisema swali kama mtu anavyosema amina wakati mawazo yake yako sokoni. Ilinibidi nipige tena, nikaelezwa upya, tukafika kwa wakati, yule mzee alikuwa amevunjika mkono tu. Hakuna aliyejua isipokuwa dereva, naye alitazama mbele.

Niliogopa siku hiyo kuliko siku ya daraja. Kosa la daraja ningeweza kulirekebisha kwa kuuliza. Hili sikujua dawa yake. Miaka kumi na moja ilikuwa imenijaza, mlima wote umo kichwani mwangu, na mtu akiniambia kitu kipya hakikuwa na pa kukaa. Nilikumbuka mkono wa mama yangu na vidole vyangu viwili juu yake. Nilikumbuka yule mzee mwenye kofia, jinsi alivyokuwa na nguvu ya kunisalimia kwa heshima baada ya kusimama muda wote ule na mtu begani, na mimi niliyekaa pakavu sikuwa na salamu.

Nilisaini barua siku ya mwisho ya muda niliopewa. Sikufanya hivyo kwa sababu niliichoka kazi, na hapa ndipo wauguzi wenzangu hawanielewi. Wanangoja wachoke ndipo waondoke. Mimi niliondoka nikiwa bado naitaka, naitaka hadi leo. Nilitamani anayeshushwa kutoka mlimani apokewe na mtu anayesikia.

Siku ya kuaga, dereva alinipeleka nyumbani Nengo kwa gari lenyewe, jambo lisiloruhusiwa, akiendesha taratibu kama anayebeba aliyevunjika mguu. Nilikaa nyuma, kwenye kiti changu kidogo. Tulipofika hakushuka. Aliteremsha kioo.

"Mama, utaniacha na nani wa kupotea naye?" alisema, akaondoa gari. Nililia barazani mbele ya mama yangu bila kujificha. Aliniacha nimalize.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimeshazoea meza yangu, au nilikuwa nasema nimezoea, simu ikalia asubuhi ya mvua. Ilikuwa sauti ya dereva.

"Bamama ya karoti ya Nyakiriba wanapitaka kwako?"

"Wanapita, Papa. Kila asubuhi."

"Waulize daraja."

Tangu siku hiyo, kila mvua kubwa ikinyesha, mimi huuliza. Wanawake wa Nyakiriba hushuka gizagiza na karoti na vitunguu vyao, wavuke kwenda kuuza Goma, na miguu yao imepita juu ya kila gogo na kila jiwe kabla gari lolote halijaamka. Hakuna anayejua zaidi yao. Nampigia dereva, namwambia, naye anasema asante, mama. Nyuma ya sauti yake nasikia mlango wa pembeni ukifungwa na muuguzi aliyechukua nafasi yangu akijisogeza kwenye kiti kidogo. Nakijua kile kiti kinavyolia. Kinanipa wivu ambao hata mume wangu hakuwahi kunipa.

Wiki hii mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi alikuja mama mmoja na gunia la karoti kichwani, matope hadi magotini. Nikaelekeza kipimo kwenye paji lake la uso, nikamuuliza ameshukia wapi.

"Shuleni."

"Daraja lipo?"

"Lipo. Gogo moja la kando limetoka, lakini tunapita."

"Watu wanne wenye ingobyi wanaweza kupita?"

Aliniangalia vizuri. Akaliteremsha gunia, akaliegemeza kwenye meza yangu. "Wakipita wawili mbele, wawili nyuma, wanaweza. Wasipite wanne sambamba." Kisha akauliza, "Kwani utakuja?"

Nikampigia dereva mbele yake, nikamweleza lile gogo la kando, wawili mbele, wawili nyuma. Akasema asante, mama. Simu ikakatika.

"Gari litakuja," nikamwambia yule mwanamke. "Mimi siji tena."

Baada ya muda kidogo king'ora kikaanza upande wa hospitali. Kikapanda. Tulisimama sote wawili tukikisikiliza, na nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. Kilipopotea kabisa, nilimpa mkono wangu wa kulia, wa kushoto nikaushika kiwiko changu, nikamuuliza habari za nyumbani kwake. Akaanza kunieleza, mvua, mazao, goti la mume wake, nami nikasikiliza mpaka akamaliza.